Hongo ya Mirambo na ushuru wa kikombe cha harusi

Makamanda, wiki hii siandiki habari za Katiba Mpya. Naandika habari za kikombe. Kikombe kile cheupe mnachomchapia bibi harusi jina lake na tarehe, glasi ya kipaimara yenye ukingo wa dhahabu, sahani ya ukumbusho ya mwalimu anayestaafu. Najua wapo watakaosema huyu mwanafunzi wa sheria kakosa mada. Sawa tu. Someni kwanza, kutukana kupo.

Nyumbani Kaliua, na Urambo, na Tabora mjini, naona vijana wengi wameingia kwenye kazi hii, na wengi wao ni wetu. Haitaki mtaji mkubwa na haina msimu kama tumbaku. Mwenye mashine ya kubana kikombe kwa joto anaanza. Mwenye hela kidogo zaidi ananunua tanuri dogo la umeme, anaagiza picha zilizokwisha kuchapwa, anazihamishia kwenye sahani au glasi, anachoma. Hizo picha ndizo ninazotaka kuziongelea. Wengine mnaziita transfa, wengine stika za kuchoma. Ni karatasi iliyochapwa maua, nembo au maandishi kwa rangi zenye unga wa kioo ndani yake. Unailoweka kwenye maji, picha inateleza, unailaza juu ya sahani, unakamua maji kwa kipande cha mpira, unaacha ikauke, kisha tanuri. Kwenye kauri joto linafika nyuzi 800 hivi, kwenye glasi chini ya hapo, maana glasi ikizidishiwa moto inalala chini kama pipi. Ikitoka hapo, picha imeshakuwa sehemu ya sahani. Huiondoi kwa kucha.

Karibu wote mnaagiza China, na karibu wote kwa njia moja. Unampata muuzaji kwenye simu, unamtumia mchoro, unalipa, mzigo unapelekwa kwenye stoo ya msafirishaji anayekusanya mizigo ya watu wengi kwenye kontena moja, na wewe unalipa kwa kilo. Ukiuliza habari ya ushuru unajibiwa maneno matatu: "Kodi imo humo."

Makala hii yote inahusu maneno hayo matatu.

Dada mmoja wa Kaliua, simtaji, alilipa hiyo "imo humo" mara nne. Mara ya tano akaomba karatasi, kwa sababu alitaka kuomba mkopo na mkopeshaji alitaka kuona kwamba malighafi yake imeingia nchini kihalali. Msafirishaji akamwambia karatasi ni za kontena zima, na kontena lina jina la mtu mwingine. Akaomba hata nakala. Akaambiwa hilo haliwezekani, na kama anataka usumbufu atafute msafirishaji mwingine. Kwa hiyo yule dada amelipa kitu ambacho aliambiwa ni kodi, mara tano, na hana hata kipande cha karatasi kinachoonyesha kuwa Serikali ilipata shilingi yake. Inawezekana ilipata. Inawezekana maua yake yalitajwa kama "vifaa vya shule". Yeye hana namna ya kujua.

Sasa njooni kwenye sheria, taratibu, maana hapa ndipo pabaya.

Forodha yetu haiongozwi na sheria ya Dodoma peke yake. Inaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo inatumika Tanzania, Kenya, Uganda na kwa wanachama wengine. Kifungu cha 200 kinasema mtu akikutwa na bidhaa ambayo haikupita forodha, na anajua hivyo au alipaswa kwa akili ya kawaida kujua hivyo, ametenda kosa. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Yasomeni tena yale maneno ya katikati: "alipaswa kujua". Sheria haikusubiri ukiri kwamba ulijua. Inakuuliza, wewe mtu mzima mwenye biashara, ulipolipa kwa kilo bila karatasi ulifikiri ushuru unalipwaje?

Halafu kuna kifungu cha 223. Tumezoea kwamba anayeshtaki ndiye anayethibitisha. Kwenye forodha, kuthibitisha kwamba ushuru ulilipwa ni mzigo wa anayeshtakiwa au anayedai mali yake iliyokamatwa. Yaani yule dada. Na kifungu cha 235 kinampa ofisa wa forodha uwezo wa kudai vitabu na nyaraka za mzigo ndani ya miaka 5 tangu ulipoingia. Unganisheni vifungu hivyo vitatu mwone picha inayotoka: ana mzigo, anatakiwa kuthibitisha, na mwenye uthibitisho ni msafirishaji aliyemnyima nakala.

Na kuna mlango mmoja ambao watu wanaupita bila kuusoma. Kifungu cha 219 kinaruhusu Kamishna kumaliza kosa bila mahakama, mtu akikiri kwa maandishi na kukubali kulipa. Kwa mwenye makosa ya kweli ni nafuu. Kwa binti wa miaka 23 aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi, anayeambiwa "saini hapa uende nyumbani", ni kitu kingine kabisa. Amri ya namna hiyo ni ya mwisho, haina rufaa. Usisaini karatasi ya kukiri kwa sababu umechoka au una njaa.

Sisi watu wa njia ya misafara tuna neno kwa jambo hili, ila tumelisahau maana yake ya kwanza. Neno ni hongo. Leo hongo ni rushwa, na TAKUKURU wana mabango yake kila mkoa. Lakini katika karne ya 19, misafara ikitoka Bagamoyo kupita Ugogo mpaka Unyanyembe na kuendelea Ujiji, hongo ilikuwa ushuru halali wa njia. Mtemi ana ardhi, ana visima, ana ulinzi. Mwenye msafara anapita, anatoa nguo, shanga au waya. Mirambo, ambaye Ulyankulu yake leo imo ndani ya wilaya yetu ya Kaliua, alijenga nguvu yake kwa kuishika njia hiyo. Mwaka 1871 alipogombana na Waarabu wa Tabora aliifunga njia ya Ujiji, na Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, ikabidi azunguke kusini. Mirambo hakuwa jambazi kama vitabu vya wazungu vilivyopenda kusema. Alikuwa anakusanya mapato ya dola yake.

Wasafiri wa wakati ule walilalamika sana kuhusu hongo, na ukisoma malalamiko yao unaona kulipa lilikuwa jambo dogo. Kubwa lilikuwa kwamba hakuna aliyejua kiasi kabla hajafika. Unafika, unakaa siku tatu, nne, unasubiri uambiwe. Mtemi wa leo alitaka nguo hamsini, wa kesho anataka mia, na shanga ulizobeba kumbe rangi yake haitakiwi upande huu. Ushuru ambao kiasi chake unakijua baada ya mzigo wako kushikwa unaalika mazungumzo pembeni. Mimi naamini hapo ndipo neno lilipogeuka maana. Wataalamu wa lugha wanisahihishe wakitaka, lakini mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo atanielewa.

Tena Kariakoo walishasema. Walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024, na kati ya manung'uniko yao lilikuwamo hili la makadirio na usumbufu wa mizigo kutoka nje. Oktoba 2024 ikazinduliwa Tume ya Rais ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Tume ni jambo jema. Ila Ibara ya 138 ya Katiba ilishasema zamani kwamba kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria na wenye nguvu ya sheria. Kodi inayotajwa kwa simu na msafirishaji haikutungwa na Bunge lolote.

Sasa, kiasi halali kinapatikanaje? Hapa nitakaa kidogo, vumilieni.

Kila bidhaa duniani inayovuka mpaka ina namba. Shirika la Forodha Duniani ndilo linalotunza orodha. Tarakimu sita za kwanza ni zilezile China, Tanzania na Brazili, halafu Jumuiya yetu inaongeza mbili. Picha za kuhamishia zina kifungu chao kabisa, 49.08, kwenye sura ya vitu vilivyochapwa pamoja na vitabu na magazeti. Ndani yake kuna matawi mawili tu. La kwanza, 4908.10, ni zile za kuchomwa, ambazo rangi yake inayeyuka na kushikana na kauri au kioo. La pili, 4908.90, ni nyingine zote. Kwa hiyo transfa ya tanuri na transfa ya kubandika bila moto ni ndugu, lakini namba zake ni tofauti.

Ukifanya kazi ya kubana kikombe kwa joto, mambo yanabadilika. Karatasi tupu unayoichapa mwenyewe dukani bado haijawa picha; hiyo inasomwa kama karatasi, sura ya 48, na wino wake uko sura ya 32. Stika za plastiki zenye gundi nyuma ni mtego mwingine. Kwa kawaida plastiki iliyochapwa picha, na picha ndiyo kazi yake, inahamia sura ya 49. Lakini maelezo ya sehemu ya plastiki yameviacha nje ya kanuni hiyo vifungu 39.18 na 39.19, na 39.19 ndicho cha plastiki za kujibandika. Kwa hiyo stika ya gundi ya plastiki hubaki kwenye plastiki hata ikiwa na waridi zuri kiasi gani. Na ukiagiza kikombe ambacho tayari kina picha, transfa haipo tena mbele ya sheria. Kuna kikombe, 69.11 kama ni kauri laini ile nyeupe ya kupitisha mwanga, 69.12 kama ni ya kawaida, na glasi ya mezani ni 70.13.

Kwa nini nawachosha na namba? Chukulieni mzigo ambao thamani yake mpaka bandarini, pamoja na usafiri na bima, ni Sh 1,000,000. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi kuu nne: 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35 kwa mia. Bidhaa za kauri zilikuwa kati ya makundi yaliyotajwa wakati ngazi ya 35 inaanzishwa. Ukiwekwa ngazi ya 10, ushuru ni 100,000, VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 1,100,000, inakuwa 198,000, jumla 298,000. Ukiwekwa ngazi ya 25, jumla ni 475,000. Ukiwekwa ya 35, ni 593,000. Mzigo uleule. Sijagusa ada nyingine wala tozo ya reli iliyoanza 2015, na sisi wa Kaliua, ambako reli ya Mpanda inachepuka kutoka reli ya kati, tozo ya reli tutaisema kwa adabu. Tofauti ya ngazi ya chini na ya juu kwenye mfano huu ni Sh 295,000, na inategemea neno moja ambalo muuzaji aliandika kwenye ankara.

Viwango vyenyewe vinabadilishwa, mara nyingi kila Julai, na vinatangazwa kwenye gazeti la Jumuiya. Ndiyo maana siandiki hapa kwamba namba fulani inalipa kiasi fulani, mtu akakariri akaja kunilaumu mwaka kesho. Kisome kitabu cha ushuru siku ileile unayoagiza.

Ankara ikiandikwa "stika", umeshapotea. Mwambie muuzaji aandike kitu kilivyo: picha za kuhamishia zilizochapwa kwenye karatasi, za kuchomwa kwenye kauri, idadi ya karatasi, bei ya kila karatasi. Na bei iwe ya kweli. Najua wauzaji wanavyosema, "rafiki, niandike dola ngapi?" Kifungu cha 203 kinahusu maelezo ya uongo kwa forodha: kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000. Usimwachie mtu wa Yiwu aamue kama utakwenda jela.

Kuhusu thamani, kuna kitu kwenye Jedwali la Nne la sheria hii ambacho kilinifurahisha nilipokisoma maktaba. Thamani ya forodha ni bei uliyolipa kweli, lakini kuna vitu vinaongezwa juu yake. Kimojawapo ni mchoro au usanifu ambao wewe mnunuzi umempa mtengenezaji bure au kwa bei ya chini, kama mchoro huo ulifanyika nje ya nchi zetu. Kwa maana hiyo ukimlipa msanii wa Guangzhou akuchoree maua, ukampelekea mwenye kiwanda, gharama ya msanii inaingia kwenye thamani na unalipia ushuru. Ukimpa kazi kijana wa Kaliua anayechora mbao za maduka, akakuchorea maua ya mninga, mchoro huo hauongezi ushuru. Hii ni faida halali kabisa kwa wasanii wetu, na imekaa kwenye jedwali la sheria bila kusemwa na yeyote kwenye mikutano ya "uchumi wa vijana".

Haisemwi kwa sababu haijasomwa. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Sheria Na. 1 ya mwaka huo, ikafanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Tukapiga makofi, nami nilipiga. Lakini sheria ya forodha ni ya Jumuiya, na Mkataba wa Jumuiya, Ibara ya 137, uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi huku Kiswahili kikiahidiwa kukuzwa kama lugha ya mawasiliano ya watu. Matokeo yake, sheria inayoweza kumfunga miaka 5 mchapa vikombe wa Kaliua, na kitabu cha namba kinachoamua kama atalipa 298,000 au 593,000, anakutana navyo kwa Kiingereza cha wataalamu. Mimi nasoma sheria chuo kikuu na nilihitaji jioni mbili kuelewa kwa nini stika ya gundi haihamii sura ya 49.

Mtu atasema: si kuna wakala wa forodha mwenye leseni? Yupo, na kwa mzigo wa kibiashara ni lazima umpitie. Ila wakala wa kontena la mchanganyiko si wakala wako, ni wa msafirishaji. Wewe humjui, hajawahi kukuona, hajui kama maua yako ni ya kuchoma au ya kubandika. Anataka kontena litoke.

Hata nafuu iliyowekwa kwa wadogo haitugusi hapa. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Anayeleta vitenge au dagaa kutoka nchi jirani anaweza kuutumia. Anayeleta transfa kutoka China, hapana.

Kwa hiyo tudai nini? Nasema tudai, maana chama chetu kwenye kodi kina tabia ya kusema sentensi moja tu, "tutapunguza". Mimi nataka tuseme "tuambieni mapema". Kifungu cha 248A cha sheria hiihii kinampa mtu haki ya kumwomba Kamishna uamuzi wa awali: unaeleza bidhaa yako kabla ya kuagiza, unajibiwa kwa maandishi ni namba gani. Kampuni kubwa zenye wanasheria wake ndizo zinazoujua mlango huu. Hakuna sababu yoyote kwenye sheria ya kumzuia mtu wa kilo 12 kuutumia. Kinachomzuia ni kwamba hajawahi kuusikia. Wabunge na madiwani wetu, pale walipo, waulize swali moja jepesi: mwaka jana wafanyabiashara wadogo wangapi wa Mkoa wa Tabora waliomba uamuzi wa awali, na fomu yake iko kwa Kiswahili? Jibu lolote litakalotolewa litatufaa.

La pili, kila mwenye mzigo ndani ya kontena la mchanganyiko apewe sehemu yake ya tamko la forodha, kwa jina lake na namba yake ya mlipakodi. Msafirishaji asiyetoa asiruhusiwe kusema "kodi imo humo". Hili ni gumu kidogo, litaongeza kazi bandarini, na wasafirishaji watapiga kelele kwamba bei ya kilo itapanda. Inawezekana ikapanda kweli. Nadhani bado ni bora, na wenzangu wanaofanya biashara hii wanaweza kunipinga kwa hesabu, nitasikiliza.

La tatu lipo tayari, ni la kutumia tu. Ukipewa uamuzi usiokubaliana nao, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 kuomba mapitio kwa Kamishna, kwa maandishi. Naye ana siku 30 kukujibu kwa maandishi na kutoa sababu. Asipojibu ndani ya muda huo, sheria inahesabu kwamba amekubali ombi lako. Ndiyo, mmesoma sawasawa: kimya chake ni ushindi wako. Akijibu na hujaridhika, una siku 45 kwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Lakini hakuna mapitio ya neno la mdomo. Ukiambiwa kaunta "hii ni 35", omba iandikwe. Ofisa mzuri ataandika, na wapo wengi wazuri.

Kabla sijamaliza, mambo mawili ambayo hayapendezi kuyasema kwenye ukurasa wetu.

Tawi la reli la Kaliua kwenda Mpanda lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 hasa kwa ajili ya mgodi wa risasi. Risasi ya chuma, siyo ya bunduki. Risasi hiyohiyo, pamoja na kadimiamu, ndiyo inayotumika kwenye baadhi ya rangi za transfa za kuchoma, hasa nyekundu na njano zinazong'aa. Rangi ikiwa mbaya au moto ukiwa mdogo, chai ya moto na ndimu vinaitoa kidogo kidogo. Mwaka 2010 McDonald's Marekani waliita kurudi glasi zipatazo milioni 12 zenye picha za katuni ya Shrek kwa sababu ya kadimiamu kwenye rangi ya picha. Milioni 12, nchi yenye maabara kila kona. Kwa hiyo TBS wanapouliza cheti cha ubora, msidhani kila swali ni kero ya Serikali. Mwombeni muuzaji majibu ya kipimo cha risasi na kadimiamu kwa viwango vya ISO 6486 kwa kauri na ISO 7086 kwa glasi. Na picha isipande mpaka mdomoni mwa kikombe. Wateja wetu wana watoto.

La pili ni nembo. Transfa za Simba, Yanga na Arsenal mnazoagiza bila ruhusa ya wenye nembo zinaweza kukamatwa bandarini kama bidhaa bandia. Tume ya Ushindani, FCC, ina nguvu hiyo kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na hapo namba sahihi na ushuru uliolipwa havikuokoi. Nembo yetu wenyewe haina tatizo hilo, ila ina lingine. Matawi yetu yanaagiza vikombe vya chama kwa njia ileile ya kilo. Nimeuliza katibu wa tawi moja karatasi ziko wapi, akacheka. Mimi sikucheka. Chama kinachotawala hakihitaji kututungia kesi kama tumeiweka wenyewe juu ya meza, na chai ndani yake.

Rasimu ya ombi la uamuzi wa awali nimeshaiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu. Dada wa Kaliua atakuwa wa kwanza kuipeleka, pamoja na karatasi mbili za maua kama sampuli, moja ya kuchoma na moja ya kubandika. Tarehe ya kupokelewa itagongwa muhuri kwenye nakala yake. Ikitoka majibu nitayaweka hapa, namba kwa namba. Yasipotoka, nitaweka muhuri.